Resasi negativu na Dopla ya mtoto tumboni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yananifuata kila mahali. Kwa foleni ya kliniki, kwa simu saa nne usiku, hata kwa mazishi ushago kuna dada alinivuta kando ya hema akaniuliza MoM ni nini. Mimi si daktari, ni mama wa Nairobi mwenye damu O negativu. Mimba yangu ya tatu ilikaa chini ya mashine ya Dopla, yaani skani inayopima damu inatembea aje kwa mishipa ya mtoto, kutoka wiki ya 18 mpaka karibu kuzaa, kwa hivyo nimeuliza madaktari hizi vitu zote, zingine mara tatu. Maswali ya mwanzo ni ya mtu aliyeambiwa tu juzi. Kama ushapata ripoti mkononi ruka moja kwa moja uende swali la 8.

## Mambo ya kwanza

1. Nimeambiwa niko resasi negativu. Kwani ni ugonjwa?

Hapana. Ni aina tu ya damu. Kuna alama inaitwa D inayokaa juu ya chembe nyekundu, wengi wanayo, wewe huna, basi. Kenya tuko wachache, kama watu 4 au 5 kwa kila 100, ndio maana ukitafuta O negativu ya dharura mji mzima unapigiwa simu. Kwa Wazungu wanafika kama 15 kwa 100.

Shida inakuja tu kama mtoto uliyembeba amechukua D kwa babake. Mwili wako ukiona chembe zake unaziona kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

2. Mbona mtoto wa kwanza alikuwa sawa kabisa na huyu wa pili ndio ana shida?

Juu mimba ya kwanza damu zenu kwa kawaida hazichanganyiki sana mpaka siku ya kuzaa. Ile siku damu ya mtoto inaingia kwako, mwili unaisoma polepole, unatengeneza antibodi, yaani askari wa damu wa kupigana na kitu kigeni, lakini mtoto ashatoka, ako kwa shali ananyonya. Mimba ikiingia tena yenye D, zile antibodi zishajua kazi. Zinapita plasenta, zinaingia kwa mtoto na kuanza kuvunja chembe zake nyekundu moja moja. Damu inapungua, na hapo ndipo mambo yote ya Dopla yanaanzia.

Na si kuzaa peke yake. Mimba ikiharibika, mimba ikiwa nje ya mfuko wa uzazi, ukianguka au ukigongwa tumbo kwa matatu, daktari akigeuza mtoto aliyekaa vibaya, zote zinaweza kuchanganya damu. Yangu ilianzia hapo: mimba ya pili ilitoka, nikasafishwa, nikaenda nyumbani na Panadol. Hakuna aliyeniuliza grupu ya damu na mimi sikujua kuuliza.

3. Hii sindano ya Anti-D inafanya nini, na hizo saa 72 ni za ukweli?

Anti-D ni antibodi zilizotengenezwa tayari, zimetolewa kwa plasma ya watu waliochangia damu. Zinafagia chembe za mtoto zilizoingia kwako kabla mwili wako haujaziona. Inadungwa karibu wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa kama mtoto ni positivu, na pia baada ya yale matukio ya swali la 2. Dozi ya mikrogramu 300 inatosha kama mililita 30 za damu ya mtoto. Kama ulivuja sana wakati wa kuzaa kuna kipimo kinaitwa Kleihauer cha kujua kama unahitaji zaidi.

Saa 72 ni za ukweli, lakini kama zimepita usikae nyumbani ukilia, nenda tu, hata siku kadhaa baadaye mpaka kama siku 10 bado inaweza kusaidia kiasi. Kitu haiwezi ni kufuta antibodi zako mwenyewe zikishajitengeneza. Ukishafika hapo sindano haina kazi, na ndio unahamia upande wa kufuatiliwa. Bei ni elfu kadhaa na si kila hospitali inakuwa nayo kwa friji, kwa hivyo uliza mapema, usingoje uanze kutafuta chemist za tao ukiwa na mtoto wa siku mbili.

4. Mzee wangu pia ni negativu. Bado nifuatiliwe?

Wote negativu, mtoto atakuwa negativu, hakuna vita. Hakikisha tu kwa kipimo, si kwa "nadhani". Akiwa positivu kuna njia mbili, kuna wenye D mbili ambao kila mtoto anaichukua, na kuna wenye D moja ambao ni nusu kwa nusu. Kumbuka hapa tunaongelea baba wa mimba hii, na hilo ni jambo unaweza kumwambia daktari mkiwa wawili tu, mlango ukiwa umefungwa.

## Damu yako: ICT na taita

5. ICT imerudi positivu, mtoto wangu anaumwa?

Bado hatujafika hapo. ICT (Indirect Coombs Test) inaangalia kama una antibodi kwa damu yako, haimwangalii mtoto. Ikiwa positivu swali linalofuata ni antibodi gani na ni nyingi kiasi gani, yaani taita. Wanapunguza damu yako nguvu kwa maji maji maalum mara mbili, mara nne, mara nane, wakiangalia mpaka wapi bado inashika. Ikishika mpaka 1:4 ni kidogo, 1:64 ni nyingi.

Lab nyingi zinaweka mstari wa hatari 1:16 au 1:32. Chini ya hapo unarudia damu kila wiki nne, na baadaye kila wiki mbili. Ukifika kwa mstari unatoka kwa damu unaingia kwa Dopla. Rudia taita lab ile ile, tafadhali, juu lab mbili zinaweza kukupa majibu mawili kwa damu ya siku moja na ukakosa usingizi bure.

6. Mimba iliyopita mtoto aliongezewa damu, lakini sasa taita ni 1:8 tu. Niko sawa?

Usitulie kwa hiyo. Ukishawahi kupata mtoto aliyeathirika vibaya taita haiaminiki tena kama kipimo cha kuanza, Dopla inaanza mapema wiki ya 16 mpaka 18 hata kama taita inaonekana ya chini. Na kawaida kila mimba inayofuata yenye D inaanza kusumbua mapema kuliko iliyotangulia. Nenda na karatasi za zamani zote.

7. Nilidungwa Anti-D wiki ya 28, wiki ya 31 ICT ikasema positivu. Nimeharibikiwa?

Pengine ni ile sindano yenyewe inaonekana. Anti-D inaweza kukaa kwa damu wiki kadhaa, hata 12, na inatoa taita ndogo, 1:4 au chini. Mwambie daktari tarehe uliyodungwa. Ikiwa taita inapanda badala ya kushuka, hapo ni mambo mengine.

## Dopla yenyewe

8. Shida ni damu, mbona wanaangalia kichwa cha mtoto?

Hili swali nililiuliza nikiwa nimelala pale na jeli tumboni, na jibu nililopewa ndio lilinifungua macho.

Ndani ya ubongo wa mtoto kuna mshipa unaitwa MCA, uko kila upande. Daktari anapima damu inapita hapo kwa kasi gani ikifika juu kabisa ya pigo la moyo, ndiyo hiyo PSV, kwa sentimita kwa sekunde. Sasa, damu yenye chembe nyingi ni nzito, inatembea kama Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Chembe zikivunjwa damu inakuwa nyepesi, nayo inapita kama matatu ya Thika Road saa kumi alfajiri. Tena moyo wa mtoto ukiona oksijeni haitoshi unapiga damu nyingi zaidi na mishipa ya ubongo inajifungua ipokee. Vyote vinasukuma upande mmoja: mtoto mwenye upungufu wa damu, damu yake inakimbia.

MCA imechaguliwa juu ni rahisi kuiona na imekaa vizuri, mawimbi ya mashine yanaweza kuipiga moja kwa moja bila kona.

Kabla ya hapa walikuwa wanadunga sindano kwa maji ya uzazi kupima rangi ya manjano, njia ya William Liley wa New Zealand ya 1961, na kila sindano ilikuwa na hatari yake na ingeweza hata kuongeza antibodi. Mwaka 2000 Giancarlo Mari na wenzake wakaonyesha kwamba kasi ya MCA inashika watoto wote wenye upungufu wa kati na mkubwa, ikikosea kwa kutisha wazima kama 12 kwa 100. Sindano nyingi zikaisha hapo.

9. Ripoti yangu inasema MCA-PSV 63, MoM 1.56. Nisome aje?

Hiyo 63 peke yake haina maana. Kasi inapanda kila wiki hata kwa mtoto mzima, kwa hivyo lazima ilinganishwe na watoto wa wiki yako. MoM ni kusema kasi ya mtoto wako ni mara ngapi ya ile ya katikati ya watoto wa umri huo. 1.0 ni katikati kabisa. Mstari ni 1.5.

Kwa jedwali la Mari, katikati ya wiki ya 20 ni 25.5 na mstari wa 1.5 ni 38.2. Wiki ya 24 ni 30.7 na mstari 46. Wiki ya 28, 36.9 na 55.4. Wiki ya 30, 40.5 na 60.7. Wiki ya 34, 48.7 na 73.1. Kwa hivyo 63 wiki ya 34 ni mtoto anacheza tu, 63 wiki ya 30 ni simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Najua juu hiyo 63 ya wiki ya 30 ilikuwa yangu.

Umeona sasa kwa nini tarehe ya mimba ni muhimu? Ukikosea wiki mbili MoM yote imepotea. Ile skani ya mapema, ya wiki ya 8 mpaka 13, ndiyo inaweka hesabu. Wengi wetu tunaenda kliniki ya kwanza mwezi wa tano tukihesabu kwa vidole, na kwa mama resasi negativu hiyo ni gharama.

10. Nimepimwa mara moja ikawa 1.3, si hiyo inatosha?

Haitoshi hata kidogo. 1.3 ya leo ni habari ya leo. Antibodi hazipumziki, mtoto anaweza kuwa 1.3 Jumatatu na baada ya siku kumi ako 1.5, kwa hivyo inarudiwa kila wiki moja au mbili, na ikiwa inakaribia mstari hata mara mbili kwa wiki. Kitu daktari anatafuta ni mwelekeo. Mimi nilikuwa naandika kila kipimo nyuma ya kitabu cha mama na mtoto: tarehe, wiki, PSV, MoM. Siku nilipokutana na daktari mgeni alianza na hiyo karatasi yangu kabla ya kufungua faili.

11. Hospitali mbili zimenipa namba tofauti siku mbili zikifuatana. Nani mwongo?

Labda hakuna. Hii Dopla inategemea mkono. Mtoto lazima awe ametulia, asiwe anapumua pumua wala kurusha miguu, mshipa upimwe karibu na pale unapoanzia, mashine ielekee mshipa pembe ikiwa karibu sufuri, na kichwa kisifinywe sana. Pembe ikienda kombo kasi inasomeka uongo. Mpimaji mzuri anarudia mara kama tatu, na ukiona amechukua sekunde 20 akasema "sawa mama, vaa", uliza kwa upole kama anaweza kurudia.

Uliza pia anafanya MCA mara ngapi. Hapa Nairobi skani ni nyingi, kila kona ya mtaa kuna kibao, lakini wa kupima MCA vizuri ni wachache na sana sana wako kwa hospitali kubwa kama Kenyatta na Aga Khan, au kwa madaktari wa mtoto tumboni wa Upper Hill na kwingineko. Heri skani tatu kwa mtu mmoja anayejua kuliko sita kwa watu sita.

12. Dopla ya kitovu imesema "normal". Basi si mtoto ako sawa?

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, hata wapimaji wengine. Dopla ya mshipa wa kitovu inaangalia kama plasenta inapitisha damu bila ubishi, ni nzuri kwa mtoto aliyedumaa au mama mwenye presha. Kwa resasi plasenta mara nyingi iko poa, damu yenyewe ndio mbovu, kwa hivyo kitovu kinaweza kuwa safi kabisa na mtoto ana damu kidogo sana. Usitulizwe nayo.

Pia angalia ripoti imeandika PSV au PI. Ni mshipa ule ule lakini PI inaonyesha ukinzani wa mshipa. PI ikishuka ni ubongo unajilinda kwa sababu oksijeni ni kidogo, mara nyingi shida ya plasenta. Ya kuangalia upungufu wa damu ni PSV. Nimeona mama akienda nyumbani na ripoti ya PI peke yake, amelipa, amekunja vizuri kwa mkoba, na swali lake halikujibiwa.

Mshipa wa tatu ni dactasi venosasi, karibu na ini. Huo unaonyesha kama moyo umeanza kuchoka. Ukiona damu inarudi nyuma kwa huo mshipa, moyo umeelemewa.

## Oksijeni

13. Kuna mashine ya kupima oksijeni ya mtoto akiwa tumboni, kama ile ya kidole?

Ya kawaida, hapana. Na hata ingekuwepo ingekudanganya. Fikiria oksijeni ni abiria na chembe nyekundu ni bodaboda. Kwa mtoto wa resasi kila boda imebeba abiria vizuri, ile ya kidole ingesoma sawa, shida ni kwamba boda zimebaki tatu stage nzima. Oksijeni inayofika kwa ubongo na moyo inategemea hesabu ya boda, si kama kiti kimejaa.

Kwa hivyo oksijeni ya mtoto wanaisoma kwa njia ya kuzunguka: kasi ya MCA (swali la 8), moyo (swali la 12 mwishoni), maji mwilini (swali la 16), CTG (swali la 15), na mwishowe damu yenyewe kupitia kitovu (swali la 17). Mtoto ni mvumilivu ajabu, moyo unaongeza kazi na anakaa sawa mpaka hemoglobini imeshuka sana, ndipo asidi inaanza kujaa kwa damu. Hiyo ndiyo sababu dalili za nje zinachelewa na kasi ya damu inawahi.

14. Nikivuta oksijeni hospitali, au nikila maini, managu na bitiruti, si damu ya mtoto itaongezeka?

Pole mama, mama mkwe anisamehe, lakini hapana. Damu yako ikiwa chini kula na umeze tembe za aini, hiyo ni yako na unaihitaji. Ya mtoto haipungui kwa kukosa chakula, inavunjwa na antibodi zako, na managu hayazuii antibodi. Na ukivuta oksijeni unaongeza abiria, boda ni zile zile tatu.

15. CTG yangu ni nzuri kila wiki. Kwa nini bado wananitaka kwa Dopla?

CTG inasikiliza mdundo wa moyo, na kwa upungufu wa damu inabadilika mwisho. Ile ya kuogopesha inaitwa sinusoidali, mstari unapanda na kushuka laini kama mawimbi yaliyochorwa na rula, mara 3 mpaka 5 kwa dakika, kwa dakika 20 na zaidi. Ukiona hiyo mtoto ana upungufu mkubwa na ni dharura. Kwa hivyo CTG nzuri ni habari njema, lakini Dopla inakuambia mapema, kabla moshi haujaanza kuonekana.

Mateke ni vile vile. Mtoto akipunguza kucheza usingoje tarehe ya kliniki, enda siku hiyo. Lakini akicheza sana usiseme "huyu ako na damu". Wangu alikuwa anapiga mateke kama mchezaji wa Gor siku ile ile tulisoma 1.56. Na ile Dopla ndogo ya kununua online ya kusikiliza moyo nyumbani haipimi kasi ya damu, inakupa tu sauti.

16. Skani inasema "haidropsi". Ni nini, na kuna tumaini?

Ni maji yamejaa mahali hayafai: tumboni kwa mtoto, kuzunguka mapafu au moyo, chini ya ngozi. Inamaanisha damu imeshuka sana, kawaida hemoglobini iko gramu 7 au zaidi kwa desilita chini ya ile inayotakiwa kwa umri wake. Mtoto mzima wa wiki ya 20 ana kama 11, kwa hivyo fanya hesabu.

Tumaini liko, watoto wengi wenye haidropsi wanapona wakiongezewa damu haraka, ingawa si wengi kama waliowahiwa kabla. Hapa ni siku, si wiki. Usirudi nyumbani kufikiria, piga simu ukiwa bado kwenye maegesho.

## Kuongezewa damu tumboni

17. Mtoto anaongezewaje damu kama bado ako ndani?

Unalala, tumbo linasafishwa, wanafuata sindano kwa skani mpaka kwenye mshipa mkubwa wa kitovu, pale kinapoingia kwa plasenta, au ndani ya ini la mtoto. Kwanza wanatoa damu kidogo na kuipima pale pale, hiyo ndiyo inamaliza ubishi wote wa Dopla. Ikiwa kidogo kweli, damu inaingizwa polepole. Wakati mwingine mtoto anapewa dawa atulie asisukume sindano. Wa kwanza kufanya hivi, akiweka damu kwa tumbo la mtoto, ni yule yule Liley, mwaka 1963.

Damu ni O negativu, mbichi, imekazwa ikawa nzito sana, imepigwa mionzi kuua chembe nyeupe, na imelinganishwa na damu yako wewe, juu antibodi ni zako. Kwa Nairobi kuipata hiyo damu ndio kazi ngumu kuliko sindano. Anza kuitafuta MoM ikiwa 1.4, si 1.6. Ndugu zako wa tumbo moja ndio wa kwanza kupimwa grupu.

18. Hatari ni gani?

Kwa mikono yenye uzoefu, hatari ya kumpoteza mtoto kwa kila sindano ni kama 1 mpaka 3 kwa 100, na kwa jumla watoto zaidi ya 90 kwa 100 wanaishi kwa vituo vinavyofanya mara nyingi. Kutofanya chochote na MoM iko juu ni hatari kubwa zaidi. Sitakuambia hauogopi. Mimi nilitetemeka mpaka nesi akanishika miguu.

19. Baada ya kuongezewa, Dopla bado inafanya kazi?

Inafanya lakini inapungua ukali. Sasa mtoto ana chembe za mtu mzima, ndogo na za tabia tofauti, na mstari wa 1.5 haushiki vizuri kama mwanzo. Kwa hivyo wengi wanapanga ya pili kwa kalenda, baada ya siku 10 mpaka 14, halafu zinazofuata kila wiki 2 mpaka 4, huku Dopla ikiangaliwa kando. Chembe zilizowekwa ni negativu, antibodi zako hazina habari nazo.

20. Nitazaa lini, na ni lazima upasuaji?

Ya mwisho kuongezewa kawaida ni karibu wiki ya 34 au 35, na kuzaa wiki ya 37 mpaka 38. Baada ya wiki ya 35 Dopla inaanza kutisha watu bure, inasema juu hata kwa wazima, kwa hivyo pale daktari anachagua kati ya kupima tena na kuzalisha. Upasuaji si lazima kwa sababu ya resasi peke yake. Zalia mahali pana taa za kutibu ugonjwa wa manjano na wodi ya watoto wachanga inayoweza kubadilisha damu.

## Kona kona

21. Antibodi yangu si D, ni Kell. Ni hayo hayo?

Kell ni alama nyingine juu ya chembe nyekundu, kama D. Kasi ya MCA inatumika vile vile, lakini taita ya Kell ni mwongo mkubwa. Kell inavunja chembe na pia inazuia mtoto kutengeneza zingine, kwa hivyo upungufu mkubwa unakuja hata taita ikiwa ndogo. Mstari wa 1:16 wa swali la 5 si wako. Na Anti-D haikuhusu kwa hiyo antibodi.

22. Kuna kipimo cha damu yangu cha kujua grupu ya mtoto?

Kipo, kinasoma DNA ya mtoto inayoelea kwa damu yako, na akipatikana negativu unapumzika Dopla zote. Lakini sisi Waafrika tuna jambo letu: wengi walio negativu wana jini la D lililokufa, lipo lakini halifanyi kazi, na kipimo kisichotengenezwa kwa kulijua kinaweza kushindwa kukupa jibu la uhakika. Uliza lab kama kipimo chao kinalitambua hilo kabla ya kulipa.

23. Mtoto ametoka, analia, ni mnene. Tumemaliza?

Hapana. Antibodi zako zinabaki kwa damu yake miezi kadhaa. Siku za kwanza ni manjano, anapimwa bilirubini (ile rangi ya manjano kwa damu) mara nyingi, anawekwa chini ya taa, na ikipanda sana anabadilishwa damu kwa sababu inaweza kuharibu ubongo. Kumweka kwa jua la dirishani kama vile shosho anasema haitoshi hapa. Halafu manjano ikiisha kila mtu anasahau, na damu inashuka kimya kimya kuanzia wiki ya pili mpaka ya 12, sana sana kwa waliowahi kuongezewa tumboni, mwili wao umelala hautengenezi. Pima hemoglobini kila wiki mpaka daktari aseme basta. Akianza kuchoka kunyonya au kuwa mweupe viganja, usingoje.

24. Mtoto amepimwa baada ya kuzaliwa akaonekana O negativu, na baba ni B positivu. Sasa nyumbani kuna maneno.

Hili nimeulizwa na dada watatu tofauti, mmoja alikuwa ameshafunga nguo. Kama mtoto aliongezewa damu tumboni mara mbili au tatu, damu inayozunguka kwake siku hiyo karibu yote ni ya mchangiaji, na mchangiaji alikuwa O negativu. Lab imepima damu ya mtu mwingine. Chembe hizo zinaisha baada ya miezi mitatu minne hivi, kwa hivyo arudi apimwe grupu akiwa na miezi sita. Kama familia haiwezi kungoja mpaka hapo, waje kliniki na wewe, daktari awaeleze mwenyewe.